Mwanga Anazimika

Alipiga kelele. Nyinyi mlioshinda wiki nzima mkibishana kama Kifutio alizirai pale mlangoni pa chumba cha kuhariri, au alimrukia mwongozaji kooni, jibu lenu ndilo hilo. Hakuzirai na hakumrukia mtu. Alipiga kelele moja tu, na fundi wa sauti aliyekuwa chumba cha pili akavua hedifoni akidhani mashine imepasuka.

Maana alichokiona kwenye skrini kilikuwa hakisemeki. Mwanga amekufa!

Mwanga, yule mchawi wa tamthilia, aliyewatisha watu kwa miaka sita mizima. Aliyewachukua watoto saba wa mtaa mmoja, wasionekane tena. Amelala chali katikati ya moshi mweupe, kinanda kinalia, na mama wa mtoto wa saba amempakata kichwa anamwambia, "Nenda salama." Na chini ya maiti, kwa herufi za rangi ya dhahabu, limeandikwa jina la mwandishi. Jina lake yeye Kifutio!

"Nani kamuua?" akauliza.

Mwongozaji, ambaye kila mtu pale alimwita Kata kwa sababu ndilo neno alilolisema mara mia kwa siku, alizungusha kiti taratibu. Alikuwa na njiti mdomoni.

"Umemuua wewe, dada yangu."

"Mimi?"

"Wewe. Ukurasa wa arobaini na mbili. Soma."

Akamtupia karatasi. Kifutio akaidaka, akasoma. "Mama anamtazama Mwanga. Mwanga anazimika. Sauti ya Mwanga inasikika gizani."

"Haya," akasema Kata. "Mwanga akizimika, si ndiyo kafa? Halafu sauti yake inasikika gizani, yaani ahera. Hapo mimi nimeongeza moshi tu."

Damu ikamchemka Kifutio hadi masikioni.

"Ni U! U, Kata, U! Mwanga u-nazimika! Taa ya chumbani ndiyo inayozimika, giza linaingia, na yeye yupo pale pale mzima wa afya, anaanza kutaja aliyoyafanya, moja baada ya jingine, mbele ya yule mama!"

"Kama ni taa, si ungeandika taa?"

Hapo tuseme ukweli, jamani, Kata alikuwa na hoja. Mtu mwenye akili timamu ana mchawi anayeitwa Mwanga, halafu na taa nayo anaiita mwanga! Lakini mwambieni Kifutio hivyo mwone. Huyu ndiye aliyepewa jina hilo kwa kufuta makosa ya wenzake. Mwigizaji akisema "kiti imevunjika", alirudishwa arudie mpaka machozi yamtoke. Leo aambiwe kosa ni lake? Thubutu!

"Aliyechapa huu mswada ni nani?" akafoka. "Niitieni karani! Hawa ndio wanaoniua na herufi zao!"

Karani akaja. Mama mmoja mpole, miwani kwenye kamba. Kifutio akamsomea shutuma zote, za leo na za mwaka juzi. Karani akamwacha amalize. Kisha akatoa simu mfukoni, akaipapasa kidogo, akamwekea mbele ya macho.

"Nilinakili kama ulivyonitumia, mama. Sikugusa."

Ujumbe ulikuwa wake mwenyewe. Umetumwa Jumanne, saa tano asubuhi. Mwanga anazimika. A, imekaa pale wazi, wala haina wasiwasi.

Kifutio akakumbuka. Jumanne saa tano alikuwa kwenye benchi la hospitali, nje ya wodi ya wanaume. Na saa ile ile, ndani ya wodi, baba yake alikuwa akiisukuma kalamu ya daktari.

Ngoja niwaeleze vizuri, maana wiki iliyopita niliwagusia tu. Baba yake Kifutio aliondoka nyumbani binti akiwa na miaka minane. Hakuondoka mikono mitupu. Aliondoka na cherehani ya mama, ile iliyokuwa inawalisha. Mama akashona kwa mkono miaka kumi na mmoja, mpaka macho yakamfa, na yeye mwenyewe akafuata. Mwaka jana mzee akarudi, amekonda, na begi moja. Dada mkubwa akampokea. Tangu siku hiyo yuko sebuleni kwa dada, hajasema samahani hata kwa bahati mbaya.

Sasa tumbo limeharibika. Daktari anataka kumpasua, na anataka sahihi yake leo, mwisho saa kumi. Mzee hataki. "Niacheni," anasema. "Mtu akifa, watu humsamehe hata hajazikwa. Mtanisamehe tu."

Lakini kuna kitu kimoja alichomwambia Dada, na Dada akamnong'oneza Kifutio. Mzee anaifuata ile tamthilia kila wiki, hakosi. Akasema, "Nangoja nione huyo Mwanga ataomba vipi msamaha. Mimi hata pa kuanzia sipajui."

Kwa hiyo ukurasa wa arobaini na mbili haukuandikiwa taifa. Uliandikwa kwa ajili ya mtu mmoja aliyelala kitanda cha tano. Na mkono uliouandika, ulipofika pale penyewe, ukamuua Mwanga. Kifutio alijiuliza kama mkono ule uliteleza kweli, au ulikuwa unajua unachokitaka. Akaona haya, akayaogopa mawazo yake mwenyewe.

"Tulirudie hilo tukio," akasema.

"Wewe!" Kata akacheka. "Tumewaonyesha watu tisa wa ofisini, tisa wote wamelia. Mhasibu kalia! Mlinzi wa getini, yule asiyecheka wala kununa, kalia mpaka kamasi. Unataka nini zaidi?"

"Nataka ajibu! Watoto saba, Kata! Saba! Halafu alale chali, kinanda kilie, yamekwisha?"

"Ametubu."

"Ametubu lini? Amekufa tu! Ndiyo mchezo wenu huo. Jini akitubu, anakufa. Mzuka akitubu, anageuka njiwa anaruka. Hakuna hata mmoja mnayemwacha aamke kesho yake asubuhi, apige mswaki, atoke nje atazamane na watu aliowaumiza. Mnaogopa nini?"

"Tunaogopa watazamaji walale, dada yangu."

"Tukio moja. Sitakuomba kingine mwaka huu."

Kata akatoa njiti mdomoni, akaelekeza kidole dirishani. "Utalirudia wapi? Sikiliza."

Ko! Ko! Ko! Nyundo.

Kifutio alitoka mbio, kiatu kimoja nusura kimvuke. Ndani ya lile ghala walilofanya studio, mafundi seremala walikuwa wanaibomoa nyumba ya yule mama. Ukuta wa dirisha ulikuwa umeshalazwa chini. Umebaki ukuta wa mlango, na fundi mkuu alikuwa anaingiza mtaimbo kwenye fremu.

Kifutio akajitupa akaketi kizingitini.

"Mama, sogea," akasema fundi. "Mlango huu unahitajika kwenye tamthilia ya polisi."

"Polisi wapite dirishani."

"Nimeambiwa mpaka saa tisa pawe peupe."

"Sasa hivi saa ngapi?"

Fundi akatazama saa yake. "Nane kasoro robo."

"Basi una muda mzuri tu. Kaa chini upumzike mgongo."

Fundi akamtazama Kata aliyekuwa anakuja nyuma akihema. Kata akainua mikono juu, ishara ya mtu aliyeshindwa. Fundi akakalia ndoo yake ya misumari.

"Mara moja," akasema Kata. "Umenisikia? Mara moja tu. Ikiharibika, namrudisha kaburini, na wewe sitaki kukusikia. Na umwombe Mzee Kucha mwenyewe, mimi simo."

Kumwomba Mzee Kucha, mwigizaji wa Mwanga? Kifutio alijua hapo hakuna tabu. Mwigizaji gani afurahie kuuawa baada ya miaka sita? Atamrukia kwa furaha huyo!

Wapi. Alimkuta chumba cha kuvalia, mbele ya kioo, anabandua zile kucha ndefu za plastiki zilizompa jina lake. Anaimba! Alipomwona Kifutio akasimama, akamshika mabega.

"Mwanangu, nashukuru. Umeniua vizuri. Mungu akuweke."

"Unashukuru?"

"Unamjua yule mwenye duka hapo ng'ambo? Miaka sita nikienda kununua sabuni, ananiwekea juu ya meza ili asiguse mkono wangu. Mjukuu wangu haalikwi kwa mtoto mwenzake yeyote, eti babu yake mwanga. Leo nimekwenda, huyo mwenye duka kanishika mkono. Mikono yote miwili! Machozi yanamtoka. Anasema, pole sana Mwanga, nimekuona umekufa."

Kifutio akamtoa mikono mabegani. "Amekuona wapi? Hii si mpaka Ijumaa?"

"Kile kipande kifupi cha kuwatamanisha watu. Wamekirusha saa saba, kabla tu ya taarifa ya habari. Hukuambiwa?"

Hakuambiwa. Nani amwambie? Kila mtu alikuwa akimkwepa tangu asubuhi! Na wodi ya wanaume ina runinga moja juu ya mlango, na saa saba huwa imewashwa. Kifutio akapiga simu kwa Dada. Inatumika. Akapiga tena. Inatumika. Akaipigapiga ile simu pajani kama iliyomkosea.

"Kuna nini?" akauliza Mzee Kucha.

Akamwambia yote, cherehani, kitanda cha tano, kalamu, ile A. Alisema haraka haraka, kwa hasira. Mzee Kucha alisikiliza huku ameshika kucha moja ya plastiki katikati ya vidole.

"Kumbe Mwanga huyu umemwandikia mzee wako," akasema. "Na mimi miaka yote najidanganya kwamba unaniandikia mimi."

"Nisamehe."

"Mh. Nipe hiyo karatasi."

Akausoma ukurasa wa arobaini na mbili polepole, midomo inachezacheza. Alipofika mwisho akashusha pumzi.

"Unajua, mwanangu, kufa ni kazi nyepesi. Unalala, wengine wanalia, wewe unangoja chakula cha mchana. Lakini hii ya kumtaja mtoto mmoja mmoja, huku yule mama ananitazama usoni... hii itanitoa jasho. Na yule mwenye duka kesho hatanishika mkono."

"Hatakushika."

"Hata mjukuu wangu hataalikwa."

Kifutio angemdanganya vipi? Alitamani aseme basi, mzee, jifie zako. Alikuwa amechoka kuomba, tangu asubuhi anaomba tu, kama si Kata ni fundi, kama si fundi ni huyu. Lakini Mzee Kucha alikuwa ameshaokota gundi. Akaanza kubandika kucha, moja baada ya moja.

Kule studio sheria ni moja, wakati wa kurekodi simu zote zinazimwa, hata ya bosi. Kifutio akaizima yake kwa shingo upande. Mpaka taa zipangwe, moshi wa Kata ufukuzwe, na yule mwigizaji wa kike aliyecheza mama ajifunze maneno mapya, saa tisa ilikuwa imepita. Nyumba ilikuwa na ukuta mmoja tu. Mpiga picha akasema akiibana picha, hakuna atakayejua.

"Haya!" Kata akapaza sauti. "Anza!"

Mwanga akapiga magoti mbele ya yule mama. "Nimechoka, mama. Niache nife. Nikifa, utapumzika."

Mama akamtazama muda mrefu.

"Usife," akasema. "Ukifa, nitamwuliza nani?"

Taa ikazimika. Giza. Na katika lile giza, sauti ya Mwanga ikaanza, bila kinanda, bila mbwembwe yoyote.

"Wa kwanza alikuwa ametumwa chumvi. Alinisalimia. Mimi sikumjibu. Wa pili alikuwa anafukuzia mpira. Wa tatu..."

Akaendelea hivyo mpaka wa sita. Alipofika wa saba, "wako, mama, wa kwako," akakwama. Haikuwa kwenye mswada. Alikwama kweli. Wote wakamsikia anavuta pumzi mara mbili, halafu akasema kwa sauti ndogo, "Huyu aliniuliza kama nina mtoto." Na hiyo ndiyo iliyokuwa kwenye mswada, lakini hakuna aliyewahi kuisikia ikisemwa hivyo.

Fundi alikuwa amesimama juu ya ndoo yake. Karani alikuwa ameuma kamba ya miwani. Kata, mtu wa kata kata kata, alisahau kabisa neno lake, mpaka mpiga picha akamkanyaga mguu.

"Kata," akasema. Taa zikawashwa. Akageuka huku na huku akiwakagua watu nyuso. "Mbona hakuna aliyelia?"

"Kwani walitakiwa walie?" Kifutio akauliza.

"Tisa kwa tisa walilia jana! Leo wananitazama kama watu wanaonidai... Sijui. Sijui, dada yangu. Ni nzuri, inaniuma hapa, lakini sijui. Nitampelekea bosi yote mawili, achague mwenyewe. Ijumaa utaona lipi limetoka."

"Ijumaa?"

"Ijumaa. Ulitaka lini?"

Hapo ndipo ilipomwingia. Ijumaa! Amefoka, amekalia kizingiti, amemrudishia mzee wa watu kucha zake na chuki ya mtaa mzima, kwa ajili ya kitu kitakachoonekana Ijumaa. Na daktari alisema sahihi anaingoja leo, mwisho saa kumi. Kifutio aliipiga meza ya vipodozi teke, ikamwumiza mwenyewe. Akatoka hadi uchochoroni, akawasha simu.

Skrini ikaandika, "Dada amekupigia mara sita." Kabla hajasoma vizuri, ikalia ya saba.

"Uko wapi wewe!" Dada alikuwa analia. "Baba ameona! Ameona huyo mtu wako anakufa! Wodi nzima wamelia, hata muuguzi kalia. Baba akageuka akaniambia, unaona? Nilikuambia. Ameikunja karatasi ya daktari ameilalia, hataki hata kuniangalia. Wamesema saa kumi ikigonga chumba cha upasuaji anapewa mwingine, na yeye hana wiki mbili. Mdogo wangu, nifanye nini?"

"Mpe simu."

"Hataki kuongea na..."

"Dada, mwekee simu sikioni!"

Pakawa na mkwaruzo, kisha pumzi nzito za mtu mgonjwa.

"Nimemwona Mwanga wako," akasema mzee. Sauti ilikuwa na furaha, na hiyo ndiyo iliyomtia Kifutio wazimu. "Amekufa vizuri. Na yule mama amemsamehe."

"Hajafa, Baba. Ni makosa yangu. Ilikuwa iwe U, mimi nikaandika A. Ilikuwa unazimika, ule mwanga, yaani taa, siyo yeye, kwa sababu ukisema anazimika inakuwa..."

"Sikuelewi, mwanangu."

Naye Kifutio alijisikia, amesimama kwenye uchochoro wa ghala, anamfundisha sarufi mtu anayekufa. Akaiacha U na A zake. Miaka sita ameandika maneno ya watu wote, ya wachawi, ya majini, ya wafu, na sasa hana hata neno moja la kukopa.

"Baba," akasema, "ulichukua cherehani ya mama."

Upande wa pili kitanda kikalia, kama mtu amejigeuza.

"Alikuwa anashona kwa mkono. Mimi ndiye niliyekuwa namtungia uzi kwenye sindano, kwa sababu alikuwa haoni tena. Kila siku nikitoka shule. Hukuwepo. Na umerudi, umekaa sebuleni kwa Dada mwaka mzima unatazama runinga, hujaniambia kitu. Sasa unataka kufa ili nilie nisahau? Nisikilize vizuri. Ukifa leo, sitakusamehe. Nitakuosha, nitakuzika, nitapokea watu wa msibani, na sitakusamehe. Umesikia? Huo ujanja kwangu haupiti."

"Wee! Umemwambia nini!" sauti ya Dada ikasikika kwa mbali. "Mtu mgonjwa huyo! Umemwambia nini?"

Mzee alikuwa anapumua. Kifutio alibana simu mpaka sikio likawaka moto. Nyuma yake nyundo zilianza tena, ko, ko, mlango wa polisi unang'olewa.

Kisha baba yake akakohoa kidogo.

"Sawa," akasema. "Na nikipona?"

Kabla saa kumi haijagonga, Kifutio alikuwa na dakika nne za kumjibu.